Biti Lililoita Majembe

Ninyi mliopiga simu hapa gazetini wiki nzima kuuliza nani alikuwa anabisha mlango wa Humphrey, tulieni. Mmoja wenu aliapa ni polisi. Mwingine akasema ni jini la mlimani. Alikuwa mbuzi.

Ndiyo, mbuzi wa mjomba Eliufoo, anajikuna pembe zake kwenye ubao wa mlango.

Humphrey akamsukuma kwa goti, akataka kufunga. Ndipo akaona kuwa nyuma ya mbuzi amesimama mwanamke mwenye miwani mikubwa kuliko uso, viatu vya kisigino kirefu vimezama kwenye tope, simu mkononi. Ujumbe uliomtoa jasho katika toleo la wiki iliyopita, ule wa "Nipo mlangoni kwako, fungua," ulikuwa wa kweli.

Zaituni Zeze! Zaituni mwenyewe, ambaye mabango yake yamebandikwa kila saluni kuanzia Same mpaka Dar es Salaam.

"Wewe ndiye Profesa Biti?" akauliza.

"Ndiye mimi, dada. Karibu sana studio."

"Studio iko wapi?"

"Umeshaingia."

Zaituni akavua miwani, akatazama. Magunia ukutani. Trei za mayai kwenye dari. Kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, spika mbili kubwa za kukodisha harusini. Na harufu ya tangawizi iliyomfanya apige chafya mara mbili kabla hajapata pa kukaa.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Humphrey ni kijana wa milimani Upareni, na anataka kuwa prodyuza wa muziki, mtu wa kutengeneza biti, yaani mdundo wa wimbo; mtandaoni anajiita Profesa Biti. Studio yake ni ghala la tangawizi la mjomba wake Eliufoo, mwenyekiti wa kitongoji. Mwaka mzima amekuwa akiwaingia wasanii inboksi na ujumbe mmoja, anaunakili na kuubandika: "Dada, nina biti linalokungoja wewe tu." Aliutuma hata kwa wanaume, akisahau kubadilisha hiyo dada, na mwanahiphop mmoja wa Arusha alimjibu kwa maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa.

Sasa mavuno ya tangawizi yamefika, na mjomba amesema neno la mwisho. Leo hii, kabla jua halijazama, kama hakuna msanii wa maana aliyeimba humo ndani, tangawizi inarudi kwenye ghala lake na Humphrey anarudi kwenye jembe.

Na msanii wa maana ndiye huyo, anapiga chafya.

"Tulikuwa na shoo Moshi," Zaituni akasema. "Nikaona lokesheni uliyotuma, nikamwambia meneja wangu tupitie mara moja."

Meneja mwenyewe, Fredrick, alikuwa ameegemea gari jeupe huko nje, mkono tumboni. Kona za mlima zilikuwa zimemmaliza.

"Ramani ilisema ni karibu," akalalamika.

"Ni karibu, kaka," Humphrey akamjibu.

"Haikusema ni juu!"

Zaituni akacheka. Humphrey akajikuta anampenda kidogo kwa kicheko kile, lakini kazi kwanza.

"Nipigie lile biti," Zaituni akasema. "Lile lenye tarumbeta ya ajabu. Nililisikia kwa simu tu, na simu inaficha mambo. Ila niambie kitu kwanza. Kuna mwanamke anavumisha humo ndani, mdomo umefungwa, hana hata neno moja. Sauti ile imeninyima usingizi. Ni nani?"

Hapa, wasomaji wangu, ndipo Humphrey alipofanya upuuzi wake.

Alimjua vizuri mno. Ni Wema, mwalimu wa kwaya ya vijana, mchumba wake. Alimrekodi siku moja barazani anachambua maharage ya makande, anavumisha bila kujua kama anasikilizwa. Jumapili hii wazee wa Humphrey wanapeleka posa nyumbani kwao. Lakini Humphrey aliwahi kusikia kwamba mastaa hawapendi sauti ya mwanamke mwingine kwenye wimbo wao. Akaogopa.

"Hiyo ni sampuli tu, dada," akasema. "Niliiokota mtandaoni."

"Bahati mbaya," Zaituni akasema. "Haya, piga. Fungua sauti yote."

Humphrey akasita. Sauti yote? Miezi yote hiyo alikuwa anatengeneza muziki kwa spika za masikioni, mjomba asipige kelele. Biti lile halijawahi kusikika hewani hata siku moja. Lakini mgeni ni mgeni. Akazigeuzia spika dirishani ili chumba kisitetemeke, akabonyeza.

Ngoma ikaingia. Kisha pembe.

Fupi. Fupi. Ndeeefu.

Ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi.

Zaituni akafumba macho. "Mungu wangu. Hii tarumbeta umeitoa wapi?"

Angemwambia ukweli, wangejificha mapema. Haikuwa tarumbeta. Ilikuwa pembe ya msaragambo. Ninyi wa mbali na Upare mjue kwamba msaragambo ni kazi ya wote: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea analipa faini. Mara ya mwisho ililia alfajiri, watu waende kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Humphrey badala ya kwenda alitoa simu chini ya blanketi akairekodi. Faini yake ilikuwa jogoo.

Biti lilikuwa halijafika kwenye kiitikio wakati mlango ulipofunguliwa kwa teke.

Wa kwanza alikuwa bibi Jenifer, jembe begani, kandambili mguu mmoja, mwingine mtupu. Nyuma yake fundi aliyeshuka kutoka juu ya paa, nyundo bado iko kiunoni. Nyuma yake waliokuwa wanapalilia, waliokuwa wananyoa na walionyolewa nusu. Kitongoji kizima kilijaa uani na majembe, wanahema.

"Tumefika!" bibi Jenifer akasema. "Kazi iko wapi?"

Humphrey akazima muziki. 

Watu wakapisha. Akaingia mzee Tomaso, mpuliza pembe, pembe yake kwapani, midomo inamtetemeka kwa hasira.

"Nani kapuliza?" akauliza. "Mimi niko nyumbani nakunywa uji, mara nasikia pumzi yangu mwenyewe inatoka kwenye ghala la Eliufoo. Pumzi yangu! Na mimi nina kijiko mdomoni!"

"Shikamoo babu," Humphrey akajaribu.

"Marahaba. Umeiba pumzi yangu, wewe?"

"Niliirekodi tu, babu."

"Sasa watu wameshatoka na majembe. Unajua kanuni. Pembe ikilia, jembe halirudi nyumbani kavu. Onyesha kazi, au utalipa faini ya kila aliyesimama hapa."

Humphrey akahesabu majogoo kichwani, akaacha. Hakuna jogoo wa kutosha Upare nzima.

"Kazi ipo!" sauti ikanguruma mlangoni. Ni mjomba Eliufoo, gunia la tangawizi mgongoni, uso unang'aa. "Ipo tena nyingi. Ng'oeni hizi takataka zote, tunarudisha tangawizi ndani. Mpwa wangu kaita mwenyewe msaragambo wa kumhamisha. Nimefurahi sana. Nilijua ana akili."

"Mjomba, jua bado!"

"Jua bado, lakini majembe yameshafika."

Wakaanza. Bibi Jenifer akachomoa trei ya kwanza, ikaruka. Fundi akashika nyaya. Magunia yakashuka ukutani, na kila gunia lililoshuka lilimuuma Humphrey moyoni. Mwaka mzima wa kubembeleza watu wasiomjibu, na leo aliyejibu anatazama ghala linavuliwa nguo.

"Subirini, jamani!" Zaituni akapaza sauti. "Wazee wangu, shikamooni!"

"Marahaba!" wote wakajibu, na trei mikononi. Salamu ni salamu hata mtu akiwa anabomoa.

"Naitwa Zaituni. Naomba dakika moja. Sijawahi kusikia pembe kama hii, na sijawahi kuona wimbo unaita watu na majembe. Mimi nyimbo zangu haziiti hata mtu wa kuja kukaa. Fredi! Washa laivu!"

Fredrick akaja anayumba, akainua simu. Ndani ya muda mfupi mashabiki wakaanza kumiminika kwenye kioo, na kitongoji kikajipanga nyuma ya Zaituni bila kuambiwa, majembe mabegani, nyuso zimekazwa kama za picha ya kitambulisho.

"Wapenzi wangu, nipo milimani kwa Profesa Biti," Zaituni akaiambia simu. "Profesa, piga tena. Ufike mpaka kiitikio."

Humphrey akapata matumaini. Akabonyeza.

Fupi, fupi, ndeeefu. Watu wakatikisa vichwa, kazi hiyo tunaijua. Ngoma ikazunguka. Kiitikio kikaingia.

Ndeeefu. Fupi. Fupi.

Majembe yakaanguka chini yote kwa pamoja.

Halafu vigelegele! Bibi Jenifer akavua kanga yake ya juu, akamfunga Zaituni kiunoni, akamshika mashavu akamtazama vizuri. Wanawake wengine wakatimka kwenda majikoni. Wanaume wakaanza kupeana mikono. Mzee Tomaso akakaa juu ya gunia, macho yamelowa.

"Sijapuliza hiyo tangu Eliufoo alipooa," akasema.

"Hiyo ipi?" Humphrey akauliza. "Si ni pembe ile ile, babu? Niligeuza tu nyuma mbele. Kuna video mtandaoni inasema maprodyuza wakubwa hugeuza."

"Uligeuza." Mzee Tomaso akamtazama kwa huruma. "Mtoto wewe. Hapa kwetu fupi zikitangulia ni kazi. Ndefu ikitangulia maana yake mke amefika, nyumba imempokea. Umetangaza ndoa."

"Ndoa ya nani?"

Kitongoji kizima kikamwonyesha Zaituni kwa kidole.

Mjomba Eliufoo alikuwa ameshatua gunia. Akalitazama gari jeupe. Akamtazama Zaituni. Akalitazama tena gari.

"Amekuja mwenyewe," akasema polepole. "Na usafiri wake. Na mimi nilikuwa namwita huyu kijana mvivu!"

"Mjomba, huyu si..."

"Nyamaza, mpwa wangu, usiharibu."

Sufuria la kwanza la makande likaingia uani, linatoa mvuke. Siulizi lilipikwa saa ngapi. Upareni sufuria la makande halikosekani jikoni, na mimi nalishukuru.

Fredrick akamsogelea Zaituni, simu bado inarusha. Kichefuchefu kilikuwa kimemwisha ghafla.

"Zai, wamesikia kila kitu. Komenti zinashuka siwezi kuzisoma. Dar nzima inakupongeza. Mama yako ameandika, 'Bila kuniambia?'"

Humphrey alitegemea kilio. Badala yake Zaituni akaifunika simu kwa kiganja, akamvuta nyuma ya spika.

"Sikiliza, Profesa," akanong'ona. "Wimbo wangu uliopita hata shangazi yangu hakuusikiliza. Leo watu wananitazama hivi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Usikanushe."

"Nisikanushe nini?"

"Ndoa. Mpaka wimbo utoke tu. Naimba sasa hivi, humu humu, jua hili hili. Na jina lako nitaliandika kabla ya langu."

Jina lake kabla ya Zaituni Zeze. Humphrey aliliona kwenye kioo cha simu, kwenye mabango, kwenye saluni zote za njia kuu. Akawaona wasanii wote waliosoma ujumbe wake wakanyamaza, sasa wao ndio wanamwingia inboksi, wanamwita dada kwa haraka, kama yeye alivyowaita wanaume.

Mjomba Eliufoo akaita kutoka mlangoni, kwa sauti ya mwenyekiti.

"Humphrey! Wananchi wanataka kujua, na simu ile pia inataka kujua. Akiimba huyu, ghala ni lako, nimesema na sirudi nyuma. Lakini kwanza sema wazi. Mwanamke huyu ni mkeo, au si mkeo?"

Fredrick akamlenga na simu. Kitongoji kikasogea karibu. Hata mbuzi aliacha kujikuna.

Humphrey akamkumbuka Wema. Simwonei, alimkumbuka kweli, na barazani kwao, na maharage. Kisha akainamisha kichwa kukubali.

Sentensi hiyo nimeiandika nikiwa nimekasirika, na bado nimekasirika.

Vigelegele vikapasua hewa. Trei za mayai zikarudishwa darini haraka kuliko zilivyoshushwa. Fundi akaunga nyaya. Zaituni, kanga ya bibi Jenifer kiunoni, akasimama mbele ya kipaza sauti na kuvuta pumzi, na Humphrey akabonyeza kitufe chekundu. Alikuwa amekipata. Kila alichokiomba mwaka mzima kilikuwa kinaimba mbele yake.

Na aliimba vizuri, nisiseme uongo. Akafika mwisho wa ubeti, akanyamaza, akaacha nafasi ya ile sauti ya mwanamke anayevumisha.

Ikaja, laini, kutoka kwenye spika.

Ikaja tena, laini vilevile, kutoka uani.

Watu wakageuka. Zaituni akanyoosha mkono akaishusha sauti ya spika mpaka chini kabisa. Ya spika ikafa. Ya uani ikaendelea, mdomo umefungwa, ikapanda pale inapopanda na kushuka pale inaposhuka, ikamaliza yenyewe.

Wema alikuwa amesimama kati ya wanawake wenye masufuria. Alitoka shamba la bondeni, mbali kuliko wote, ndiyo maana alichelewa. Udongo magotini. Jembe mkononi.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi Jenifer alitazama kanga yake kiunoni mwa mgeni kama mtu aliyevalisha mtoto wa jirani nguo ya wanawe.

Zaituni akamtazama Wema. Akamtazama Humphrey. Kwa kweli hakuwa mjinga yule mwanamke.

"Profesa," akasema, "sampuli yako ya mtandaoni imeshika jembe."

"Wema," Humphrey akaanza, "ngoja nikueleze."

"Nimesikia pembe nikiwa bondeni," Wema akasema. Hakupaza sauti. "Imelia kwa namna mbili. Ya kwanza ikaniambia kuna kazi, nikachukua jembe. Nikiwa njiani ikalia ya pili, kwamba mke amefika."

Akalisimamisha jembe chini, akaliegemea.

"Hiyo ya pili nikadhani ni mimi."

 

Fredrick, ambaye Mungu hakumpa aibu, akasoma kwenye simu kwa kunong'ona: "Zai, wameongezeka tena. Wanauliza huyu wa jembe ni nani."

"Zima, Fredi."

"Nizime? Sasa hivi?"

"Nimesema zima!"

Hakuzima. Akaishusha tu mpaka usawa wa kiuno.

Mjomba Eliufoo alikuwa anapangusa uso kwa kofia. Aliamua mashauri mengi maishani mwake, mengine ya mpaka wa shamba, mengine ya kuku mmoja yaliyochukua miaka, lakini hili hakujua aanzie wapi. Posa ya Jumapili, ambayo gari jeupe lilimsahaulisha, alikuwa aipeleke yeye.

Mzee Tomaso akainuka juu ya gunia.

"Kosa ni la mashine," akasema. "Mashine imetoa pumzi yangu bila mimi, ikawaita watu kazini na harusini kwa mkupuo mmoja. Sasa nitapuliza mwenyewe, na hiyo ndiyo itakayohesabika. Nikianza na fupi, ni kazi: tunabomoa hapa, tangawizi inaingia, mgeni anasindikizwa. Nikianza na ndefu, mke amefika. Humphrey ndiye aliyeita. Humphrey, niambie nianze na ipi."

Akaweka pembe mdomoni, akangoja.

"Na kama ni ndefu," bibi Jenifer akadakia, "atuambie na mke ni yupi, nijue kanga yangu inakwenda wapi."

Humphrey akatazama kompyuta. Ubeti wa Zaituni ulikuwa bado haujahifadhiwa, kijitaa chekundu kinawaka. Akatazama jua, limekaa juu ya ukingo wa mlima. Akamtazama Wema, akataka kusema jina lake, na akataka pia kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mkono ukatangulia ulimi. Ukasogea kidogo tu kuelekea kwenye kompyuta.

Wema aliuona.

Akaliacha jembe lianguke. Akapita katikati ya watu, mpaka kwa mzee Tomaso, akanyoosha mikono miwili kwa heshima kama mtu anayepokea mtoto.

"Babu, naomba."

"Hii?" Mzee Tomaso akashtuka. "Mwanamke hajawahi kuipuliza."

"Hata mashine ilikuwa haijawahi."

Mzee akafikiri. Akampa.

"Wema, usi..." Humphrey akasema, lakini hakujua amkataze ipi, fupi au ndefu.

Wema akafuta mdomo wa pembe kwa ncha ya kitenge. Mwalimu wa kwaya ana kifua. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akamtazama Humphrey usoni, akapuliza.

Mlio ukatoka, mkubwa kuliko wa spika, ukavuka bonde. Kitongoji kizima kikatega sikio, na huko chini usawa wa kiuno cha Fredrick dunia nzima ikatega sikio, kusikiliza kama utakatika hapo hapo au utaendelea.